Mume wa Getini

Nyuma ya stendi ya Bariadi pana benchi moja, birika moja la kahawa, na maoni mengi kuliko vikombe. Asubuhi ile maoni yote yalikuwa juu ya filamu ya jana kwenye kibanda cha video. Ilikuwa ya Kizungu tupu, na hakuna aliyeambulia neno, ila macho yaliona: mhubiri asiye na kivuli, waumini wenye kanzu nyeupe wanaocheza na nyoka, na mke wa mtu aliyejiunga nao akageuka macho meupe pe. Mumewe akamfuata mpaka getini. Mke akatoka, wakatazamana, na hapo hapo jenereta ikazima. Watu wakarudi makwao wananung'unika.

Masunga, mmoja wao, hakupata usingizi usiku ule. Wenzake aliwaambia mkewe, Felisita, yuko Malampaka kwa mama yake. Ukweli ni kwamba tangu pamba ianze kuvunwa Felisita yuko Kasoli, kwenye kambi ya maombi ya nabii mgeni, na dalili ya kurudi hana. Kwa hiyo Masunga alipuliza kahawa yake na kuuliza kama mtu asiyejali:

— Hivi yule mke, mnadhani alirudi nyumbani?

Wa kwanza kudaka alikuwa Marcelo, aitwaye Soko Huria tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe naye akajinunulia mzani.

— Arudi wapi? Siku hizi kila kitu ruksa. Zamani pamba unapeleka ushirika tu, Jumapili kanisa lenu lile lile. Leo wanunuzi kibao, manabii kibao. Yule mama kaona bei nzuri. Mume apandishe bei!

— Bei gani? Ile siyo dini, alisema Mahona. Huyu wanamwita Swila, yaani nyoka, maana ujanani alicheza na Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka. Akaendelea: Ile ni ngoma. Mhubiri ndiye manju, ana dawa ya kuvuta watu. Ila kushika nyoka hawajui! Wanamshika katikati kama kamba ya ng'ombe. Wakija kushindana hapa tunawafunga mchana kweupe.

— Na macho meupe je? aliuliza Soko Huria.

— Dawa imezidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Luhaga alikohoa. Wanamwita Profesa kwa sababu darasa la saba alilirudia mpaka walimu wakamzoea.

— Mmelala nyote. Jenereta haikuishiwa mafuta. Yule mhubiri alituona.

— Alituona akiwa wapi?

— Mle mle kwenye kioo! Si aligeukia upande wetu? Akajua Bariadi tumeshagundua siri, akazima. Ndiyo maana wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Sasa hiyo na jenereta wapi na wapi?

— Methali haihojiwi, bwana.

Walicheka. Masunga peke yake ndiye aliyechomwa na methali.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gari, begi miguuni, alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

— Mwangaluka, baba zangu.

— Mwangaluka, mayu.

— Samahani, mie sikuiona hiyo filamu. Huyo mume alipofika getini, alimwambia nini mkewe?

Soko Huria alijimiminia kahawa nyingine.

— Hata mdomo haukucheza, alisema Swila taratibu. Alisimama tu.

Ni kweli, alisimama tu. Masunga alimwelewa yule Mzungu kuliko wote. Yeye mwenyewe alishafika Kasoli, akasimama nje ya ua wa mkonge, akamsikia Felisita akiimba mle ndani. Aliimba kwa furaha ambayo nyumbani hakuwa nayo. Masunga aliona uchungu, akageuza baiskeli bila kumwita.

Sasa aliweka kikombe chini, akaishika baiskeli.

— Wapi tena? Kahawa bado!

— Kasoli.

— Kasoli? Si mkeo yuko Malam...

Swila alimkanyaga mguu Soko Huria. Benchi zima likaelewa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyekuwa na maoni.

— Ukifika utamwambia nini? aliuliza Swila kwa upole.

Masunga aliweka mguu kwenye pedali.

— Sijui, ndugu yangu. Nitaanza na salamu.