Mzee Revocatus Astaafu na Jicho Lake

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Revocatus Mhoja anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kutundika picha za wenzake katika jumba letu la sanaa hapa Mwanza. Alianza kama mlinzi. Mlangoni aliondoka, lakini tabia ya kuamua nani apite hakuiacha.

Kazi iliyompa jina ni Maonyesho ya Wawili Wawili: mchoraji mzee na mchoraji kijana, picha zao bega kwa bega. Wengine wangesoma majina nyuma ya picha. Yeye alijigamba kwamba akiitazama tu anajua umri wa mchoraji: iliyotulia ni ya mzee, yenye fujo ni ya kijana. Sisi tuliitikia tu, maana mkubwa hakosei.

Mwaka huu aliwakutanisha Mama Bernadeta Kashindye wa Magu, miaka sabini na mmoja, na Kevin Okomo wa Nyegezi, ishirini na mitatu. Mama alichora ng'ombe miaka arobaini, akachoka nao, akakaa miaka sita bila kugusa brashi, kisha akachora stendi ya mabasi ya Buzuruga kwa rangi nyekundu ya kuumiza macho. Kevin, kijana mpole, akaleta ng'ombe watano wakinywa maji ziwani. Mzee alitazama, akakohoa, akabandika majina kinyume.

Siku ya ufunguzi alihutubia dakika arobaini mbele ya ng'ombe wa Kevin, akisifu subira ya uzee. Kevin alipojaribu kukanusha, akaambiwa aache aibu. Mgeni mmoja alimshika Mama Bernadeta mkono, akamsihi asiwaache kamwe ng'ombe wake. Mama alirudi Magu bila hata kumaliza soda.

Tulijua sote, wiki tatu nzima. Tukanyamaza, eti tusimwaibishe mzee anayeaga. Mama naye ni mzee, ila hakuwa bosi wetu. Tunaona haya.

Jana Mama alirudi, akabandua vibandiko na kuvibadilisha mwenyewe. Mzee akapita, akaona, akatuamuru tuvirudishe kwa sababu kuna mhuni amevichezea. Hakuna aliyeinuka.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa siku ile paa lilipovuja ukavua koti lako kufunika picha za watu. Hilo hatutalisahau. Tunakuombea afya na mapumziko marefu nyumbani. Stendi ni ya Mama Bernadeta, na jina lake litabaki pale.