Nati Tano za Kijiwe

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya kibanda cha kinyozi, pale barabara ya gereji inapopinda. Anayekaa kulia anaiona gereji, anayekaa kushoto anaona nani anaingia kunyolewa, na anayekaa katikati haoni kitu, ndiyo maana husema kuliko wote. Katikati hukaa Wakili, ambaye hakusoma sheria hata za mpira. Ni dalali wa nyumba, na jina alipewa kwa sababu hajawahi kuishiwa hoja, hata pale asipokuwa nayo. Kulia hukaa Tani Kumi, dereva wa malori aliyestaafu, na kushoto Chuma, fundi wa kuchomelea mageti. Kahawa humimina Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale. Jioni ile alimimina kimya kimya, maana mwenye kibanda, Kinyozi, alikuwa amesimama mbele ya ubao, kitana mkononi, na hasira zimempanda hadi utosini.

Na alikuwa na haki. Kinyozi ana gari la spoti la zamani, la milango miwili, aliloachiwa na marehemu baba yake. Binti yake alipokuwa mdogo, akikaa kiti cha mbele miguu haifiki chini, alimwahidi kwamba siku ya kuolewa atatoka nyumbani ndani ya gari lile, na dereva atakuwa baba mtu. Harusi ni Jumamosi. Sasa, wiki iliyopita wakwe walikuja, na mjomba mmoja wa bwana harusi akalizunguka gari akauliza kama magurudumu yale yametoka kwenye baiskeli. Kinyozi alicheka mbele za watu, lakini lilimkaa kooni. Kesho yake akaja kijiweni na swali moja tu: gari langu ni la nati ngapi? Kijiwe kizima kikajibu kwa sauti moja kwamba ni tano. Tani Kumi aliapa. Wakili alizihesabu kwa vidole hewani. Kinyozi naye, ambaye tangu azaliwe hajabadilisha tairi kwa mkono wake, akaenda akanunua rimu mpya za matundu matano, zinang'aa hadi mtu anaweza kujinyolea ndevu mbele yake.

Basi siku hiyo asubuhi gari likapandishwa juu ya mawe, fundi wa gereji akayavua magurudumu ya zamani, na Kinyozi akapaza sauti kutoka hapo hapo kijiweni, kikombe mkononi, kwamba rimu kuukuu apewe yule mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Mkokoteni ukaondoka. Hapo ndipo maboksi ya rimu mpya yakafunguliwa, na ikaonekana kwamba habu ya gari, kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ina nati nne.

Zile tano walizoziona miaka yote zilikuwa pambo. Ni vichwa vya nati vya plastiki vilivyobandikwa kwenye kifuniko cha gurudumu, na nati zenyewe zimejificha nyuma yake.

— Mlihesabu plastiki, alisema Kinyozi. Watu wazima watatu, wenye wajukuu, mmehesabu plastiki.

— Hasira hasara, ndugu yangu, alisema Wakili.

— Hasara ndiyo iliyotangulia. Hasira imeikuta imeshakaa.

— Na fundi je? Yeye si alizifungua nati kwa mkono wake? Mbona hakusema?

— Anasema hakuulizwa. Waliulizwa wataalamu.

Hilo liliwachoma. Tani Kumi aliguna akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ilikaa mahali pake. Ila ya kuganga hayakuwepo. Kinyozi alikuwa ameshamkimbiza mnunuzi wa vyuma na kukuta rimu zake zimekwisha kukatwa vipande. Rimu za nati nne za gari la zamani kama lile hazipo tena madukani. Kipo kipande cha chuma cha kuweka katikati, kinafungwa kwenye nati nne na kutoa tano, lakini huagizwa ng'ambo, na kingefika bibi harusi keshakuwa na mimba. Muuza rimu naye alishasema mali ikitoka dukani hairudi. Kinyozi aliyasema yote hayo bila kupumua, huku kitana kikimwelekea kila mtu kwa zamu yake, na kila aliyeelekewa alitazama kikombe.

Wa kwanza kupona alikuwa Tani Kumi.

— Ukiiweka ile rimu juu ya habu, tundu ngapi zinakutana?

— Moja. Ukilazimisha sana, mbili.

— Basi kazi imekwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vinavunja. Funga mbili. Mimi nimebeba saruji mlima kwa mlima, nati zimebaki mbili, na nimefika.

— Ulifika na gurudumu au bila gurudumu?

Tani Kumi akasema hiyo ni habari nyingine. Chuma, aliyekuwa akingoja zamu yake kwa heshima, akaweka kikombe chini. Yeye alisema tatizo la nati ni kwamba zinalegea, na dawa ya kitu kinacholegea ni kutokuwa nacho. Aichomelee rimu kwenye habu moja kwa moja, mzunguko mzima, kama anavyochomelea bawaba za geti, na gurudumu lile halitoki hadi siku ya kiyama.

— Na nikipata pancha?

— Nitakuja na mtungi wangu wa gesi nikate.

— Uje harusini na mtungi wa gesi.

— Chanda chema huvikwa pete, alisema Chuma, na jinsi alivyosema kwa upole, Kinyozi alitamani kumpiga kitana cha utosi.

Wakili sasa. Wakili alisema wenzake wanafikiria kama mafundi, ndiyo maana hawafiki mbali. Kwani nani alisema gari ni lazima litembee? Bibi harusi anatakiwa aonekane ndani ya gari la babu yake, basi. Gari lipandishwe juu ya lori, lifungwe kamba, bibi harusi akae ndani apunge mkono, na mjomba wa bwana harusi atazame juu kama anatazama mnara. Tani Kumi akasema lori analijua la kuazima. Chuma akasema atatengeneza ngazi ya kushukia, yenye maua ya chuma pembeni. Wakaanza kubishana kamba zipite juu ya paa au chini ya mlango, na Wakili akaongeza kwamba lori likikosekana, vijana wanane wenye nguvu watalibeba gari mabegani, maana umoja ni nguvu.

Kinyozi aliwasikiliza. Hawa ndio watu aliowauliza. Hawa ndio aliowaamini kuliko macho yake, tena macho mazima kabisa. Hasira ilimjaa hadi akashindwa kuchagua amtukane nani kwanza. Na kati ya lori na mabega, Wakili akarudi chini kidogo akasema kama hayo yote hayatakiwi, basi habu itobolewe. Matundu matano mapya katikati ya yale manne, kila gurudumu, na Chuma ana keekee nzuri ya kutobolea.

Baada ya yale yaliyotangulia, kutoboa kulionekana jambo la watu wenye akili. Tani Kumi alitikisa kichwa kukubali. Chuma alisema itachukua muda mfupi tu. Kinyozi alikumbuka alivyosema fundi wa gereji asubuhi, kwamba habu ile ni nyembamba na ukiitoboa tena inakuwa chujio, na chujio halibebi gari. Lakini alikumbuka pia kicheko cha yule mjomba.

— Kailete, alimwambia Chuma.

Chuma akaenda mbio, akarudi na keekee, waya umezungushwa begani. Akamkuta binti wa Kinyozi amesimama kwenye mlango wa kibanda cha baba yake, hina mbichi mikononi, vidole amevitandaza ili isichafuke. Alikuwa amekuja kumwambia baba yake nguo zimeletwa. Hakuna aliyejua amefika lini.

— Shikamooni, alisema.

Wakaitikia wote kwa pamoja, kwa haraka.

— Nimesimama hapa tangu mlipolipandisha gari kwenye lori. Nimefungwa kamba, nimetengenezewa ngazi, nimebebwa mabegani na vijana nisiowajua. Sijasikia mtu akiuliza kama nitapanda.

— Mwanangu, ni mazungumzo tu haya, alisema Wakili.

— Hiyo keekee nayo ni mazungumzo?

Sauti yake haikupanda, na Kinyozi aliijua hasira ile, kwa sababu ni yake, ila kwa binti huwa inakuja baridi. Alijua pia kwamba wiki nzima binti amekuwa akigombana na mama zake wadogo waliotaka gari la kukodi, akiwaambia baba aliahidi na baba atatimiza.

— Nina swali moja, wazee wangu. Mkishatoboa, ni nani kati yenu atakaa kiti cha pembeni kwanza, mshuke nalo ule mteremko wa sokoni?

Tani Kumi alisugua goti. Wakili alitoa simu akaitazama, nayo ilikuwa imezimwa. Chuma aliihamisha keekee kutoka bega hili hadi bega lile. Shangazi alishika birika na hakumimina.

— Hakuna?

Akamgeukia baba yake.

— Na wewe, Baba? Utaniendesha?

Jibu lilikuwa neno moja tu, na Kinyozi alilifungulia mdomo kabisa. Halikutoka. Aliitafuta ile hasira ya mchana kutwa aiweke mahali pa jibu, amgeukie mtu mwingine, amwelekeze kitana, lakini binti yake alikuwa anamtazama yeye peke yake. Aliona miguu isiyofika chini. Aliona na mteremko wa sokoni.

Binti alingoja. Kisha akasema nguo zimeletwa, mama anamwita ajaribu koti, akageuka akashika njia, mikono ameinyanyua mbele yake kwa ajili ya hina.

— Chuma, alisema Kinyozi, rudisha keekee yako.

Akaweka kitana juu ya ubao, akaacha kibanda wazi, akamfuata. Binti alikuwa anakwenda kwa kasi na hakugeuka nyuma. Pale penye kona Kinyozi akamwita kama alivyokuwa akimwita tangu mdogo.

— Mama, ningoje.

Binti hakusimama, ila alipunguza mwendo.