Dada Yetu Hakuitwa Mahindi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuza mkaa. Baba alimpa jina la mama yake mzazi. Kamati ya mazishi ilitaka chini ya picha yake tuchape na lile jina lenu la mtaani, ati ndilo linalojulikana. Nimekataa. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini hili nitalisema.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari, na mwaka 1989 alimaliza chuo cha mafundi wa meno. Aliajiriwa katika kliniki ya meno ya pale sokoni na hakuhama mpaka alipougua.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya utomvu, ule uji mzito wa kuzibia na kuvika meno yaliyoharibika. Ndani yake hutiwa unga wa rangi ya njano, ndio unaoufanya ugande ukimulikwa kwa taa ya bluu. Ukitia kidogo mno, jino linatoka jeupe kama karatasi, ila ndani halikuiva. Ukizidisha, unaongeza njano tu. Dada alitia kiasi cha kulifanya jino litafune, na jino lilibaki na kivuli cha njano. Kwa kivuli hicho mkamwita Mahindi. Watoto walimwimbia njiani, na watu wazima mkacheka, meno yake yakiwa midomoni mwenu.

Aliolewa tarehe 3 Desemba 1994 na dereva wa lori aliyekuja na jino lililovunjika. Alipoambiwa litakuwa na njano, shemeji alijibu, "Dada, nipe la kutafunia. La kuchekea nitaazima." Marehemu alipenda kusema huyo ndiye mteja wake wa kwanza ambaye hakuomba kioo.

Mwaka 2004 shangazi alimpeleka binti yake kliniki, harusi ikiwa imekaribia. "Punguza hiyo njano yako, mwanangu. Bibi harusi anakwenda kupigwa picha, haendi kutafuna mifupa." Dada alikataa. Shangazi akaketi mlangoni, akasema haondoki. Basi dada alipunguza, akamwambia binamu, "Picha zikiisha, rudi nikutengenezee upya." Hakurudi. Jino lilipasuka, na ukoo mzima ukasema Mahindi hajui kazi. Shangazi, shikamoo. Uko hapo mbele, na unajua nimesema kweli.

Mwezi Februari mwaka huu figo zilimshinda, akalazwa wodi ya wanawake. Kila jioni, saa ya kuona wagonjwa ikikaribia, alichana nywele na kuomba shuka inyooshwe. Tuliokuja tulikuwa mimi, shemeji na mabinti zake, basi. Siku moja aliniuliza, "Kwani mtaani hawajui naumwa?"

"Wanajua, dada."

"Sasa nimewakosea nini?"

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni, akiamini mmemchoka.

Juzi hapa msibani ndipo mnaniambia kwamba mlikwenda. Mlikwenda kwa makundi, na machungwa mkononi, mkamwulizia Mahindi. Muuguzi akatafuta, akasema hakuna mgonjwa wa jina hilo. Mkadhani ameruhusiwa, mkarudi na machungwa yenu. Maisha yake yote ya kazi amewatengenezea vinywa, na katika vinywa vyote hivyo halikutoka jina lake hata mara moja. Mnanieleza kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake.

Jina lake limeandikwa kwenye kibao cha kaburi kwa herufi kubwa nyeusi. Kila atakayetia udongo alisome kwanza, tena kwa sauti, ili dada ajue mmefika. Ndipo tumwache apumzike.