Kwa Masikitiko Makubwa, Kahawa ya Hadjara

Kijiwe chetu ni benchi moja na ndoo mbili zilizogeuzwa, karibu na soko la Rumonge, pale barabara inayokwenda Minago inapokata kona. Hadjara anauza kahawa hapo miaka kumi na moja, termosi mbili kila asubuhi. Tangu ufunguliwe mgahawa mpya wenye mashine ya kahawa na intaneti ya bure, termosi ya pili inarudi nyumbani haijafunguliwa. Jumatatu alituambia kwamba mwezi ukiisha hivi, atahamia kwa dada yake Nyanza-Lac. Ndiyo maana jana asubuhi Jafari, fundi wa simu tunayemwita Rezo, aliamua kumwandikia tangazo la Fesibuku. Alisaidiwa na Kabwe, seremala wa mitumbwi kutoka Kivu ya Kusini, ambaye jina lake hapa ni Msumari. Mimi wananiita Lisansiye, kwa sababu ya shahada yangu.

— Kila kitu iko kwa mustari wa kwanza, alisema Rezo. Simu inaonyesha huo tu, mengine inaficha. Mutu asiposhtuka, kidole kinapita.

— Basi andika hivi, alisema Msumari. "Mutu alikunywa hii kahawa, akaona Kongo bila kuvuka ziwa."

— Kongo inaonekana kutoka hapa, alisema Hadjara. Hata bila kahawa.

— Siku ya mawingu haionekani.

— Siku ya mawingu wewe hauji.

Rezo alikuwa ameshafuta.

— Sikilizeni. "Madaktari hawataki mujue hii."

— Daktari gani? aliuliza Hadjara. Yule wa dispanseri anakunywa hapa kila Jumanne. Anaweka sukari vijiko vitano.

— Ndiyo maana hataki batu bajue, alisema Msumari.

— Haya, hii ni ya mwisho, alisema Rezo. "Mwanamke wa Rumonge ameficha kitu ndani ya termosi miaka kumi na moja."

— Utaniletea polisi, mwanangu.

— Polisi nao wanakunywa kahawa, mama.

Wakanigeukia. Nilipendekeza: "Kahawa ya Hadjara iko tayari kila siku saa kumi na mbili asubuhi."

— Hiyo ni barua ya ofisi ya komini, alisema Rezo. Inabaki kupigwa muhuri.

— Mupatie ofisi yake, anaandika na tai shingoni, alisema Msumari.

Hadjara alicheka, akaniongezea kikombe. Kisha Rezo akapunguza sauti.

— Lisansiye, usinielewe vibaya. Mwaka jana, mke wako, mama Asma, alipotutoka, uliandika tangazo. Watu walijaa mpaka barabarani. Mama Hadjara, ulipika kahawa mara ngapi siku ile?

— Mara sita, alisema Hadjara. Muache.

— Na ilikuwa mustari moja tu.

Ilikuwa hivi: "Asma amefariki leo saa kumi na moja alfajiri." Sikuwa nimetafuta kumshtua mtu.

Rezo aliandika haraka, akatusomea: "Kwa masikitiko makubwa kijiwe cha Hadjara, Rumonge, kinawatangazia kifo". Mstari wa kwanza uliishia hapo. Anayebonyeza kuendelea angekuta: "cha usingizi. Njoo unywe kahawa."

Msumari alipiga goti kwa kicheko. Hadjara alinitazama. Nilipaswa kukataa. Badala yake nilisema kwamba baada ya "makubwa" inatakiwa koma, na Rezo akaiweka, kisha akabonyeza kutuma.

Nusu saa baadaye nyuso zinazolia chini ya tangazo zilikuwa mia na arobaini.

— Mnaona? alisema Rezo.

— Wanafungua kusoma mengine? nilimuuliza.

— Watafungua.

Pikipiki ikasimama mbele ya benchi. Akashuka mama mzee, kitenge amekifunga kiunoni kama watu wanavyokifunga wakienda kwenye msiba. Mkononi alikuwa na unga wa mihogo, kilo tatu hivi, ndani ya kitambaa safi.

— Amahoro, wanangu.

— Amahoro, mama.

— Natoka Minago. Mjukuu amenisomea kwenye simu. Hakumaliza hata kusoma, nikamwambia aite pikipiki. Mihogo yangu nimeiacha juani. Poleni sana.

Aliweka unga miguuni pa Hadjara, akatutazama mmoja mmoja.

— Nani amekufa?

Rezo alitazama simu. Msumari alitazama ziwa. Swali hilo niliulizwa mara nyingi mwaka jana, na kila mara nilikuwa na jibu.

Nilisogea, mama akakaa kwenye nafasi yangu. Hadjara alimmiminia kahawa.

— Nifute? Rezo alinong'ona.

Hadjara alikuwa anafungua termosi ya pili. Kwenye kona pikipiki mbili zaidi zilikuwa zinapunguza mwendo, kila moja imebeba mama mwenye kifurushi. Yule wa Minago alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Alikuwa anasubiri jina.