Jina Moja kwenye Fomu Kumi na Nne

Amani kwenu, mliokaa mbele na ninyi mliojibanza karibu na mlango. Hapo mlangoni ndipo mahali pangu. Anayekaa mlangoni hutoka wa kwanza mambo yakiharibika, na leo nimeitwa mbele niseme tabia hiyo ilinifikisha wapi.

Mnanijua. Shule niliacha mapema, nikatembea nchi nne kabla ya kufika Durban, na kazi yangu ni kulinda magari ya watu. Napenda kujua kila kitu. Lakini katika mji mmoja njiani alikuja bwana mwenye daftari, akaandika majina yetu, akasema ni ya msaada wa bure. Wiki iliyofuata polisi walikuja na daftari lilelile, wakaita jina moja moja. Mimi niliruka dirisha. Wenzangu wawili sikuwaona tena. Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaambia, nikisikia neno “bure” natafuta dirisha.

Mtakumbuka darasa la Kiingereza la Jumamosi kule Glenwood. Mwalimu alikuwa dada wa Kenya, mwanafunzi wa chuo, aliyetuombea ruhusa ya kutumia chumba chao cha kompyuta. Siku ya kwanza akasema atatufungulia masanduku ya barua pepe, tuandikiane kwa Kiingereza, tuzoee. Akapitisha daftari tuandike majina.

“Ni nani analipa?” nikauliza.

“Hakuna anayelipa. Ni bure.”

Niliandika tu, maana wenzangu wote kumi na watatu walikuwa wanaandika.

Jumamosi ya pili kila mtu alipewa kikaratasi chenye anwani yake na neno la siri. Mama mmoja wa hapa kanisani, msusi, alikaa akamwandikia kaka yake aliye Brussels. Tangu vita iwatenganishe hakuwa amesikia sauti yake, na anwani alipewa na msafiri. Aliandika mistari minne kwa saa nzima, akaweka jina lake mwishoni.

Mimi nilikuwa napekua kompyuta. Nikakuta fomu ya kufungulia sanduku: jina, siku ya kuzaliwa, nchi, kazi, unapata kiasi gani kwa mwaka. Nikashtuka. Mimi sikujibu maswali hayo, na sanduku langu lilikuwa limefunguka. Nani alijibu? Alipeleka nini kwa nani?

Sikumwuliza mwalimu. Niliwauliza wengine wote. Hapa nje baada ya ibada, kwenye robot, zile taa za barabarani ninapolinda magari, na saluni. “Yule dada ameuza majina yetu,” nikasema. “Kesho mtaitwa mmoja mmoja.” Ninyi mnajua jinsi maneno kama hayo yanavyotembea kati yetu. Darasa likabaki na watu watatu. Yule Mama naye akaacha.

Wiki tatu zikapita. Udadisi ukanishinda, nikarudi Glenwood kupeleleza. Nikakaa kwenye kompyuta ya mwisho, karibu na mlango, nikafungua sanduku langu na kutafuta ukurasa wenye habari za mwenyewe. Nikasoma mara mbili. Jina: la mwalimu. Jinsia: mwanamke. Nchi: Kenya. Kazi: mwanafunzi.

Nikamwita. “Hii ni nini?”

“Ni fomu yako.”

“Na za wengine?”

“Zote kumi na nne ni jina langu. Daftari nililichana siku ileile. Mimi nina kibali cha kukaa hapa kama mwanafunzi, ninyi wengi bado mnasubiri vyenu. Kama kuna mtu atakayekuja kuuliza, aniulize mimi.”

“Mbona hukusema?”

“Wewe mbona hukuuliza? Uliuliza Durban nzima, ukaniruka mimi.”

Eish. Akaendelea, “Nilifungua sanduku la Mama nimwekee zoezi, nikakuta barua tatu kutoka Brussels. Sijazisoma, si zangu. Kamlete.”

Nilikimbia hadi saluni. Mama alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, nusu kimesukwa.

“Mama, kaka yako amejibu. Mara tatu.”

“Si weye ulisema kule iko polisi?”

“Nilisema. Nilidanganya bila kujua.”

“Kumbe mdomo yako ndiyo polisi,” akasema, akamwachia mwenzake kile kichwa, tukarudi Glenwood.

Kumbe kila barua hubeba juu yake jina la kwenye fomu. Barua ya kwanza iliuliza: mbona unaandika kwa jina la mwanamke wa Kenya? Kama ni wewe kweli, sema nani alivunja mtungi wa bibi. Ya pili iliuliza tena. Ya tatu ilisema: wewe unayechezea jina la marehemu dada yangu, koma.

Marehemu! Wiki tatu kaka mtu alikuwa katika msiba, na matanga yale niliyatandika mimi kwa mdomo wangu. Mama alilia huku akiandika kwa kidole kimoja: “Ni weye ulivunja. Ukasema ni mbuzi.” Jumamosi iliyofuata jibu likaja, nalo lilianza na jina ambalo bibi yao tu ndiye aliyemwita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama, ambaye hadi leo akiniona ananiita Komisari wa polisi. Namshukuru mwalimu, aliyemaliza masomo akarudi kwao na kuniachia kazi ya kufungua masanduku ya wapya.

Bado sijaamini vya bure, na sitawaambia mviamini. Yale matangazo yanayomwekamweka juu ya barua, kuna mtu anayafaidi, na siku moja nitamjua. Shukuni, ndugu zangu. Ila shuku yako ipeleke kwa mwenyewe kwanza, kabla hujaipeleka sokoni.

Darasa linaanza Jumamosi saa nane mchana. Mimi kibali changu kimetoka. Ninyi ambao hamjapata, njooni tu, fomu zenu nimeshajaza. Jina ni langu.