Soketi ya Pili

Mheshimiwa Mkaguzi wa Elimu, mgeni wetu rasmi. Mkuu wa Shule. Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi. Na wewe dada yetu, mwalimu wa jiografia, unayestaafu leo huku ukijifanya huna machozi:

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba ofisi ya Mkuu sasa ina soketi ya pili. Pigeni makofi! Hapana, pigeni vizuri, hii si habari ndogo.

Mimi hufundisha historia, na watoto husema nimeishuhudia yote. Skrini kubwa ilipoletwa shuleni, niliipigia hodi. Dada yetu, aliyenizidi umri, aliiwasha tu, akasimamisha mlima wa volkano mbele ya darasa, na watoto waliozoea kusinzia baada ya chakula wakaanza kugombea madawati ya mbele. Nani angekubali kuirudisha?

Lakini muhula uliopita, Mheshimiwa, ulikuja kuamua. Somo likiharibika, skrini inahamia shule nyingine. Lori lilikuwa getini, dereva kaweka miguu juu. Nasi tukakukalisha mbele, kwenye kiti chenye mto, ukiwatazama wanafunzi, kama tunavyomkalisha kila mgeni rasmi. Skrini ikabaki nyuma ya kisogo chako!

"Mnauona moshi?" akauliza dada.

"Tunauonaaa!"

"Unaelekea wapi?"

"Kushoto!" "Kulia!"

"Msigombane, upepo umegeuka. Haya, mawe yaliyoyeyuka yanashuka, inueni miguu!"

Darasa zima likainua miguu. Nawe, Mheshimiwa, ukainua ya kwako.

"Hii ndiyo teknolojia!" ukasema, ukatia saini. Lori likaondoka tupu, na sisi tukacheza ofisini hadi meza ikavunjika mguu.

Leo dada anaondoka, na sitaki sifa zake zibaki kwa skrini. Kwa hiyo, Mkuu, acha kunikanyaga, naueleza ukweli.

Skrini ilizimika kabla mlima haujatokea. Umeme wake ulipita kwenye waya mrefu, dirishani, hadi soketi pekee ya ofisini. Na Mkuu wetu, kwa ukarimu wake usio na mipaka, aliuchomoa waya huo ili achemshe maji ya chai ya mgeni. Dada akaitazama skrini nyeusi, akalitazama lori, akaanza kufundisha. Mtoto mmoja akanong'ona, "Mbona giza?" Jirani yake akamjibu, "Wee, nyamaza, inua miguu!"

Mheshimiwa, skrini tunaipenda, tunaihitaji, na sasa inawaka hata chai ikichemka. Tafadhali usiliite lile lori. Ila siku ile umeme wote wa somo uliunywa wewe, na ukaomba kikombe cha pili.

Asanteni kwa masikio yenu. Dada, simama wakuone.