Tharamu Hsa Gay na Milimita Ishirini na Tano

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka ishirini na sita ya kuwapima wajawazito wa kambi yetu ya wakimbizi, Tharamu, yaani Mwalimu, Naw Hsa Gay atazima mashine ya ultrasaundi na kukabidhi ufunguo wa chumba.

Alianza hapa kwa kufua mashuka. Daktari mgeni alipotafuta watu wa kufundishwa upimaji, alitaka waliomaliza sekondari. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba, mwaka kijiji chao kilipochomwa. Lakini ndiye pekee aliyeuliza kama mstari wa kupimia kichwa unaanzia nje ya mfupa au ndani. Akachukuliwa.

Ubongo ndio uliokuwa kazi yake kubwa: mzunguko wa fuvu, upana wa ubongo wa kisogoni, vijumba vya maji vya katikati. Kila kipimo alikichukua mara tatu, na majibu yalipolingana haraka mno, alikirudia mara ya nne. Kina baba waliochungulia mlangoni kuuliza kama ni mvulana walijibiwa, "Shemeji, mimi hapa natafuta ubongo." Mmoja akasema, "Basi ukimaliza, mtafutie na jirani yangu huyu."

Miaka tisa iliyopita alikuja Naw Lweh Say, mimba ya kwanza, ndiyo kwanza amevuka mto wa mpakani. Kama wengi wetu, hakuwa na tarehe. Alisema hedhi ya mwisho aliipata walipomaliza kuvuna. Mimi, niliyekuwa meza ya kuandikisha, nikaandika katikati ya Oktoba. Kwa hesabu hiyo mimba ilikuwa ya wiki thelathini na moja, na kichwa cha mtoto kilikuwa kidogo mno. Daktari alimweleza kwa upole kwamba huenda ubongo umeacha kukua. Mama akaacha kula. Nguo za mtoto alizokuwa akifuma akazigawa.

Tharamu alipima upya. Ubongo wa kisogoni ulikuwa na upana wa milimita ishirini na tano, sawa na wiki ishirini na nne. Mfupa wa paja, wiki ishirini na nne. Kichwa, vilevile. Ubongo wa kisogoni haucheleweshwi upesi na njaa kama viungo vingine. Vyote vikikubaliana, tarehe ndiyo ya kutiliwa shaka.

"Mwanangu, mlivuna wapi, mlimani au bondeni?"

"Bondeni, Tharamu. Kwani mlimani nako kuna mpunga?"

Bondeni huvuna hadi Desemba. Oktoba ilikuwa mavuno ya mlima nilikozaliwa mimi, ambao sijaukanyaga kwa miaka thelathini na minane.

Hakumpa ahadi siku hiyo. Alimwambia tu, "Nenda kale, urudi baada ya wiki mbili. Ubongo ukikua, tutauona." Aliporudi, milimita zilikuwa ishirini na nane. Binti alizaliwa Septemba. Yuko darasa la tatu, na walimu wanalalamika kwamba habishiki.

Tangu hapo fomu yetu ina mstari unaouliza shamba lilikuwa wapi. Katika ripoti ya siku ile Tharamu aliandika maneno mawili: tarehe imesahihishwa. Daktari alipomuuliza nani alikosea, alisema mashine ilihitaji muda. Mashine haikuwa na kosa, Daktari. Lilikuwa langu.

Asante, Tharamu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasiohitaji kupimwa mara nne.